Kopo la Bonareri

Faruk alikuwa amemaliza kulia. Sajini Motari aliliona hilo mara tu alipomtoa seli na kumkalisha kwenye chumba cha upelelezi cha kituo cha Migori. Mtu akimaliza kulia huanza kujibu kwa hasira, na Motari alipenda hasira. Mwenye hasira hana nafasi ya kupanga uongo.

"Sema tena."

"Nimesema jana mchana, nimesema jana jioni, nimemwambia yule inspekta wa Homa Bay akanitukania mama. Nikisema tena itabadilika?"

"Ikibadilika nitajua. Sema."

Faruk alivuta pumzi. Alikuwa mtu wa Isiolo, mwembamba, aliyefungua duka la kutengeneza simu karibu na soko na kupata wateja kwa sababu simu ikiingia kwake hurudi na vyuma vyake vyote. Sasa nusu ya wateja hao walikuwa wanapita mjini wakisema ameua mwanamke.

"Mama Bonareri aliniletea hiyo mashine mwenyewe, kwa mikono yake. Akasema inadanganya. Nikaiangalia, sikuona ugonjwa. Akasema kaa nayo uichunguze. Akanunua nyingine mpya, nikamtengenezea skrini yake vile alitaka, akaenda zake. Wallahi, ni hayo tu."

Mashine yenyewe ilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa ushahidi. Ilikuwa GPS ya kushika mkononi, ya manjano na nyeusi, kubwa kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Mgongoni jina BONARERI lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha. Polisi waliitoa kwenye droo ya Faruk.

Droo hiyo ndiyo iliyomtia Faruk seli. Bonareri, mpima ardhi mstaafu, aliondoka nyumbani Alhamisi asubuhi akimwambia bintiye anafika Homa Bay na atarudi kula chakula cha jioni. Hakurudi. Mchana ule simu yake ilimtumia binti ujumbe usio na neno hata moja, namba mbili ndefu tu, kisha ikazimika. Namba zile zilikuwa za mahali. Ijumaa asubuhi Inspekta Obare wa Homa Bay aliziingiza kwenye simu yake, akachukua vijana wake, na simu ikawafikisha katikati ya shamba la mtama nyuma ya vilima vya Ruri. Hapakuwa na mtu. Waliokuwa wakipalilia hapo tangu Alhamisi hawakumwona mwanamke yeyote. Obare akaamua kwamba simu ya Bonareri ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo alituma namba za uongo ili polisi wapoteze muda. Mtu wa mwisho aliyepigiwa na simu ile alikuwa Faruk. Jumatatu angefikishwa kortini, na watu wangeanza kutafuta mwili.

Motari hakuwa amemwambia binti neno hilo, mwili. Lakini binti hakuwa mjinga.

"Kwa nini alikupigia njiani?" Motari aliuliza.

"Aliuliza taa ya skrini inapunguzwa wapi. Betri ilikuwa inakwisha haraka."

"Na mtu aliyeibiwa mashine angekupigia kuuliza taa?"

Faruk alimtazama kwa mara ya kwanza. "Hilo ndilo nawaambia tangu jana, afande!"

Motari alifungua mfuko, akaisukuma mashine hadi mbele ya Faruk. Kisha akamfungua pingu.

"Ulimtengenezea skrini mpya. Haya, tengeneza. Fanya yote uliyofanya siku ile, moja baada ya lingine, na kila ukigusa kitu uniambie alisema nini."

Hii ilikuwa njia yake ya zamani. Mdomo unaweza kukariri hadithi usiku kucha. Mikono haiwezi. Fundi wa baiskeli aliyesingiziwa, mpe baiskeli. Mpishi, mpe jiko.

Alitoka mlangoni akamwita binti, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la korido tangu ofisi za kituo zilipofunguliwa. Joyline alikuwa na kofia ya mama yake mapajani. Alimtazama Faruk kama mtu anayetazama nyoka, akaketi mbali naye.

"Wewe unajua mama yako anavyotumia hiki kitu," Motari alimwambia. "Huyu akikosea, sema."

Faruk aliwasha mashine, akaurudisha ukurasa wake ulivyotoka kiwandani. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kidogo, lakini vilijua njia.

"Kwanza alitaka herufi kubwa. Hizi zinazokuja na mashine ni za sisimizi, alisema."

Joyline alishtuka kidogo. Hayo yalikuwa maneno ya mama yake.

"Halafu huu ukurasa. Ukiinunua mashine unakuwa na vitu vingi. Kasi, urefu wa mlima, saa ya jua kuzama. Akasema toa hiyo ya jua, macho ninayo. Toa kasi, mimi si pikipiki." Alikuwa akifuta visanduku vya skrini kimoja kimoja huku akisema. "Akataka vitu vinne tu. Mshale wa kuonyesha kopo liko upande gani. Umbali uliobaki. Namba za mahali umesimama. Na hii hapa chini, ya kukuambia mashine ina uhakika kiasi gani. Karatasi nyeupe, herufi nyeusi, ndiyo uone juani."

"Kopo gani?" Motari aliuliza.

Ni Joyline aliyejibu. "Ni mchezo, afande. Mtu anaficha kopo mahali, anaweka namba za pale mahali kwa mtandao. Mwingine anakuja na GPS yake analitafuta. Akilipata anaandika jina kwa karatasi iko ndani, halafu analirudisha palepale."

"Kuna pesa ndani?"

"Hakuna."

"Sasa wanatafuta nini?"

"Kopo."

Motari alilifikiria hilo. Kwao Ntimaru watu walitafuta ng'ombe waliopotea, na wakiwapata hawakuwarudisha walikopotelea.

"Na la mama yako limefichwa wapi?"

"Huko huko Homa Bay. Ndilo alikuwa ameenda kuangalia. Kuna mtu wa Kisumu anaitwa Mogire, alimwita mwongo mbele ya watu wote. Ndipo akaanza kuishuku mashine yake, akanunua nyingine."

Mogire alikuwa kwenye faili. Motari alikuwa amemshuku siku nzima ya Ijumaa, kwa sababu mtu anayegombana mtandaoni na mtu aliyepotea anafaa kuulizwa alikuwa wapi. Alikuwa harusini Kisumu, na picha za harusi zilimwonyesha akila. Motari alikuwa amefunga ukurasa huo. Sasa aliufungua tena.

"Aliandika nini hasa, huyo Mogire? Nisomee."

Joyline alitafuta kwenye simu. "'Nimezunguka shamba zima la mtama mpaka mwenye shamba akanifukuza. Hakuna kopo hapa. Huyu mama anacheza na watu.' Halafu mama akamjibu..." Alisita. "Alimjibu vibaya."

"Rudia hapo mwanzo."

"Nimezunguka shamba zima la mtama..."

Motari aliinuka polepole. Namba za Bonareri zilimpeleka Mogire kwenye shamba la mtama, akakosa kopo. Namba za Bonareri zilimpeleka Obare kwenye shamba la mtama, akakosa mwenye kopo. Watu wawili wasiojuana, wamekosa mahali pamoja. Mwongo hutuma watu sehemu tofauti. Kitu kinachokosea vilevile kila mara si mwongo. Kimewekwa vibaya, basi.

"Endelea," alimwambia Faruk. "Umebakiza nini?"

"Nimemaliza. Kuna hii tu." Faruk aligeuza skrini. "Mfumo wa ramani. Ile mpya ilikuja imeandikwa WGS 84. Nikataka kuiacha hivyo, simu zote ziko hivyo. Akanipiga mkono."

"Akakupiga?"

"Hapa." Alionyesha. "Akasema, weka Arc 1960 kama ile ya zamani, na usiiguse tena."

"Arc 1960 ni kitu gani?"

"Sijui, afande. Nilidhani ni mwaka wake wa kuzaliwa."

Joyline alikuwa ameacha kumtazama kama nyoka. "Ramani za mama zimeandikwa hivyo pembeni," alisema. "Zile za karatasi, za kazi. Zimejaa ukuta mzima wa sebule."

"Twende nje," Motari alisema.

Aliwapeleka hadi kwenye mlingoti wa bendera katikati ya uwanja wa kituo. Askari wa zamu alichungulia dirishani, akaona mshukiwa wa mauaji amesimama bila pingu ameinua mashine angani, akaamua halimhusu. Ng'ambo ya barabara, upande wa kaskazini, Wasabato walikuwa wakiimba kanisani.

Motari aliegemea mlingoti ili asisogee. "Nisomee namba zote mbili, ya mashariki na ya kaskazini."

Faruk alisoma. Joyline aliziandika kwenye kiganja chake.

"Sasa weka ile ya simu. WGS."

Faruk alibonyeza. Namba ya kaskazini iliruka.

"Umesogea?" Motari aliuliza.

"Sijasogea!"

"Rudisha."

Namba ilirudi ilikokuwa. Wakaifanya mara nyingine, na nyingine. Kila mara Arc ilipotoka, namba ya kaskazini ilipungua kama mia tatu. Ile ya mashariki nayo ilicheza kidogo. Mlingoti haukuwa umeenda popote.

"Joyline. Ingiza kwenye simu yako hizo namba mbili za kwanza, za Arc. Uone simu inasema tuko wapi."

Msichana aliandika, akakosea, akafuta, akaandika tena. Alisubiri. Kisha aliinua uso na kutazama ng'ambo ya barabara.

"Inasema mlingoti uko kule kwa Wasabato."

Kwaya ilikuwa imefika kwenye kibwagizo.

"Kituo cha polisi kimehamia kanisani," Motari alisema. "Simu ya Mogire inasema hivyo. Simu ya Obare inasema hivyo. Mama yako hakudanganya mtu. Alisoma namba kwa ramani yake, wao wakazifuata kwa ramani nyingine, na kila anayezifuata anatupwa kaskazini ya kopo." Aligeuka, akauelekezea mgongo muziki ule, akanyoosha mkono upande wa pili. "Mita mia tatu hivi. Alizituma mwenyewe, Joyline. Ni yeye aliyekuwa na simu."

Joyline alifunika mdomo kwa kofia ya mama yake.

Motari alikuwa tayari anapiga simu.

"Obare. Kusini ya lile shamba la mtama kuna nini?"

"Omera, ndugu yangu Motari, leo ni Jumamosi."

"Kuna nini?"

"Kilima. Si uliona kwa ripoti?"

"Na nyuma ya kilima?"

Sauti ya Obare ilishuka. "Kuna korongo. Mawe matupu. Hata mbuzi hawashuki huko."

"Shuka."

"Ati nini? Vijana wangu wamekwenda nyumbani. Nani amekuambia kuna mtu huko?"

"Mashine iliyokuwa kwenye droo."

"Ayee! Sasa unapelelezewa na mashine?"

"Ile yako ilikupeleka kwa mtama ukaiamini. Shuka, Obare. Beba kamba na maji. Ukimkosa, utanicheka mpaka nistaafu."

Waliondoka na gari la kituo, Motari kwenye usukani, Joyline kando yake, Faruk nyuma na mashine. Mkuu wa kituo alikuwa ameuliza mshukiwa anapelekwa wapi. Motari alimjibu anakwenda kuonyesha mahali, jambo ambalo lilikuwa kweli kuliko mkuu alivyoelewa. Awendo walikwama nyuma ya trekta la miwa lililoyumba barabara nzima na kudondosha miwa kila tuta. Motari alilipigia honi, akatoa kichwa nje, akamwambia dereva mambo ambayo Joyline alijifanya hakuyasikia. Faruk hakusikia lolote. Alikuwa akiingiza zile namba za Alhamisi kwenye mashine, akazihakikisha, akazihakikisha tena, na mfumo wa ramani hakuugusa.

"Afande," alisema walipopita Rongo. "Tukimpata akiwa..."

"Usimalize hiyo."

Faruk akarudisha macho kwenye skrini.

Njia ya gari iliishia chini ya kilima. Waliliona shamba la mtama upande wa pili, tambarare, wazi kama kiganja. Mtu asingeweza kujificha humo hata akilala. Motari hakulitazama mara mbili. Alimtanguliza Faruk, na Faruk alitembea ameinamia skrini, herufi kubwa nyeusi juu ya karatasi nyeupe, umbali ukipungua mbele ya macho yao wote watatu. Kwa mara ya kwanza Motari alielewa kwa nini mtu mzima angetafuta kopo lisilo na pesa.

Obare alikuwa tayari kwenye ukingo wa korongo, magoti meupe kwa vumbi, kamba begani.

"Nimeshuka," alisema. "Nimeita. Hakuna anayejibu. Nilikuambia, Motari, hapa ni mawe."

Motari alimtazama Faruk. Faruk alitikisa kichwa akionyesha skrini. "Bado, afande. Mshale unasema mbele, upande wa mashariki. Korongo linapinda pale."

"Nimefika pale kwenye kona," Obare alisema.

"Umeipita?"

Obare alifuta jasho. "Kuna mwamba umeziba."

Walishuka kwa kamba, Obare akiongoza kwa sababu alikuwa ameshaijua njia, na kwa sababu Motari alimwambia aongoze. Kwenye mwamba walisimama. Joyline aliita, "Mama!" Sauti ikagonga mawe, ikarudi.

Kisha wakasikia mgongano wa bati kwenye jiwe.

Tak. Kimya. Tak, tak.

Joyline alipanda mwamba ule kama mtu aliyezaliwa juu yake. Wanaume wakamfuata.

Bonareri alikuwa ameketi chini ya jiwe lililoning'inia kama paa, kanga imefungwa kwenye kifundo cha mguu kilichovimba kuliko goti. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mkono mmoja ulishika kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, na ndicho alichokuwa akigonga. Kopo lenyewe lilikuwa limewekwa pembeni, mahali ambapo maji yalidondoka tone kwa tone kutoka ufa wa mwamba. Lilikuwa limejaa nusu.

Joyline alimkumbatia. Obare alivua kofia. Motari alimnywesha maji ya chupa kidogo kidogo, akimkatalia kila alipotaka kupiga funda kubwa.

"Niliteleza," Bonareri alisema sauti ilipomrudia. Ilikuwa imekwaruza, lakini haikuwa imevunjika. "Niliifunga simu kwenye fimbo, nikaiinua juu mpaka ikashika mtandao. Nilidhani mngekuja jioni ileile. Jana nimesikia watu wanaita huko mbali, nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi." Alimtazama Obare. "Ni nyinyi?"

"Ni sisi, mama," Obare alisema.

"Mlikuwa wapi?"

"Kwa mtama."

"Kwa mtama! Kama yule Mogire. Kopo liko hapa, halijawahi kutoka hapa. Kuna ugumu gani?"

Motari alichuchumaa mbele yake. "Mama, namba zako ni za Arc. Za simu zetu ni WGS."

Macho ya Bonareri yalikwenda kwenye kopo, yakapanda mwamba, yakaelekea kaskazini, na Motari aliona hesabu nzima ikipita humo bila kuhitaji karatasi.

"Mia tatu," alinong'ona. Kisha akaanza kucheka, kicheko kikavu kilichomuumiza mguu. "Mungu wangu. Nimemtukana mtu wa watu bure."

Obare alikwenda kupiga simu ya machela kutoka ukingoni. Aliporudi, Bonareri alikuwa ametoa karatasi iliyokunjwa kutoka ndani ya kilemba, alikoificha isilowe.

"Kopo limepatikana," alisema. "Anayelipata anaandika jina. Ni sheria."

Motari alitoa kalamu mfukoni. Hakuandika. Alimpa Faruk.

Faruk aliandika jina lake polepole juu ya karatasi tupu, la kwanza kabisa, huku alama za pingu zikiwa bado nyekundu kwenye vifundo vya mikono. Joyline alimshikia karatasi isipeperuke. "Samahani," alimwambia kwa sauti ndogo. Faruk aliitikia kwa kichwa, akampa kalamu.

"Na mimi?" Obare aliuliza.

"Wewe andika ya jana," Bonareri alisema. "Andika hukulipata."

Obare alicheka kabla ya wengine. Kisha aliichukua kalamu na kuandika hivyo hivyo.

Machela ilikuwa ikishushwa. Motari aliyamwaga maji, akakausha kopo kwa shati lake, akatia karatasi ndani, akalifunga na kulirudisha chini ya jiwe, kama alivyoambiwa. Faruk alikuwa amechuchumaa karibu na mama, mashine mkononi, kidole juu ya kitufe.

"Mama," alisema kwa tahadhari. "Ile ya ramani. Nikubadilishie?"

Bonareri aliitazama Arc 1960 kwenye skrini kwa muda, kama mtu anayemuaga jirani wa siku nyingi.

"Badilisha."

Faruk alibonyeza. Safari hii hakupigwa mkono.